Kwa Nini Hawakurudi Kwao?

Siku moja nalikuwa nikifundisha habari za biashara ya watumwa, nami nimekwisha kuandika ubaoni tarehe ambayo kila mwanafunzi hana budi kuijua, yaani tarehe 5 Juni 1873, siku ambayo Sultani Barghash wa Unguja alitia mkono wake katika mapatano na Waingereza, soko la watumwa likafungwa, na majahazi yakakatazwa kuchukua watumwa baharini. Nikaendelea kusema kwamba magendo hayakwisha siku ile, na ya kuwa manowari ziliendelea kuyawinda majahazi na kuwafungua watu waliomo. Hapo kijana mmoja akainua mkono akauliza, “Mwalimu, watu hao walipofunguliwa, kwa nini hawakurudi kwao?”

Nalimjibu upesi, kama sisi walimu tufanyavyo tusipokuwa na jibu. Nikasema, “Kwao kulikuwa mbali.” Darasa likaridhika, somo likaendelea. Lakini kijana yule hakuridhika, nikaona usoni pake. Alifika shuleni kwetu mwaka huu baada ya kufiwa na mama yake, naye anakaa kwa watu wema ambao si wa ukoo wake. Nilipokuwa nikienda nyumbani jioni nalitambua kwamba swali lake halikuwa la historia tu, na kwamba jibu langu lilikuwa jibu la mvivu. Basi nikavirudia vitabu, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyaona.

Kwanza na tuwatazame watu wenyewe. Waliotolewa majahazini wengi wao walikuwa watoto na vijana. Mtoto wa miaka sita ukimwuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu, “Anaitwa Mama.” Ukimwuliza kijiji chake, atakutajia jina la mzee wa mji, na mzee yule huenda amekwisha kufa na mji umehama. Ukimwuliza mto, atasema, “Mto.” Mtoto huyo alitembezwa miezi mingi, akauzwa kwa huyu na kwa yule, mara kwa nguo, mara kwa chakula, na kila mwenye kumnunua alimpa jina jipya. Hata alipofika pwani alikuwa amekwisha kuisahau nusu ya lugha yake. Wazee wetu husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hawa hawakuiacha asili yao. Walipokonywa, na tofauti hiyo ni kubwa, maana aliyeacha aweza kurudi akaokota.

Twazijua habari hizi kwa vinywa vya wenyewe. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iitwayo U.M.C.A., alipewa na Sultani Majid wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa. Hao wakawa mwanzo wa kazi iliyokuja kuwa chuo cha Kiungani huko Unguja, na mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Miaka ilipopita, walimu wa Kiungani waliwaambia wavulana waandike kila mtu habari za maisha yake. Wakaziandika kwa Kiswahili, na Bwana A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi, akazifasiri kwa Kiingereza, akazitoa katika kitabu mwaka 1887.

Habari hizo zafanana kwa mambo mengi: vita au njaa, kongwa shingoni, safari, bahari iliyowatisha wasioijua, na tena hofu moja ambayo twaiona mara kwa mara katika habari za wakati ule, kwamba Wazungu hula watu. Wafanyao biashara waliwaambia watumwa hivyo ili wasifurahi kuiona manowari. Fikirini, wasomaji: siku ya kufunguliwa kwao ndiyo siku walipoogopa kuliko siku zote. Wengine walipopewa chakula kingi walidhani wananoneshwa.

Mimi nikitafakari naona kwamba mwalimu aliyewaambia vijana wale waandike aliwatendea jambo kubwa, hata kama nia yake ilikuwa kupata kitabu tu. Mtumwa haulizwi habari zake. Huulizwa umri na nguvu, na meno yake yakatazamwa. Kukaa na kalamu, ukaandika, “Mimi nalizaliwa mahali fulani, baba yangu alikuwa mtu wa kufua chuma,” ni kujirudishia kitu. Tena mwenzako wa kitanda cha pili anaandika yake, nanyi mwagundua jioni kwamba mlipita njia moja, mkalala katika kambi moja, na huenda mliuzwa na mtu mmoja. Wasio na ukoo waanzia hapo kuwa ndugu.

Basi lile jibu la “kwao kulikuwa mbali” si la uongo, bali halitoshi. Njia iliyowaleta ilikuwa njia moja tu, na ile ile ndiyo ya kuwarudisha. Wenye kukamata watu walikuwa wangali wakiipita. Mtu aliyefunguliwa akienda peke yake siku kumi bara, siku ya kumi na moja alikuwa kongwani tena. Na waliokuwa wamemwuza, je? Mara nyingine walikuwa majirani, mara nyingine mjomba mwenyewe wakati wa njaa. Hilo ni neno zito, lakini limo katika habari za zamani wala halifai kufichwa.

Walakini wako waliojaribu kurudi, na habari zao zafaa kusimuliwa. Misheni ile ilikuwa na shamba Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, na huko watu wazima waliofunguliwa walipewa viwanja wajenge na kulima. Baada ya soko kufungwa walizidi kuwa wengi. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, watu wa nchi za kusini. Askofu Edward Steere, aliyekuwa amekwenda mwaka 1875 hata mji wa Mataka katika Uyao, aliona vema kuwarudisha wenye kutaka. Mwaka 1876 watu zaidi ya hamsini, wanaume na wake zao, wakashuka pamoja naye Lindi, wakashika njia ya bara kwa miguu na mizigo yao vichwani.

Walikwenda hata wakafika Masasi. Ni nchi ya milima ya mawe iliyosimama peke yake katika tambarare, na udongo wake ni mzuri. Huko wakatua. Watu wakatazama huku na huku, wakasikia Kiyao na Kimakua vikisemwa, wakaona miti waliyoijua, na mbele yao ilibaki safari ndefu yenye hatari. Wakataka kukaa papo hapo. Askofu akakubali. Hivyo Masasi ikazaliwa, mji wa watu waliotoka kwenda kwao wakakomea njiani.

Mtu aweza kusema walishindwa. Mimi siwezi kusema hivyo. Naona walikuwa wamefahamu njiani jambo ambalo mtu aliyekaa Mbweni hakuweza kulifahamu, ya kwamba ile nyumba waliyokuwa wakiiota haikuwako tena. Mtoto aliyeachwa alikwisha kuwa mtu mzima, au amekufa, au yeye naye ameuzwa. Lugha ilikuwako, na udongo, na wenzao waliotembea nao kutoka Lindi. Wakajenga juu ya hayo matatu.

Wala hawakuachwa kwa amani. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa siku hizo Magwangwara, wakaushambulia mji wa Masasi, wakaua watu na kuwachukua wengine mateka. Watu waliokuwa wametekwa utotoni na kufunguliwa baharini wakatekwa mara ya pili, katika nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Padre Porter akawafuata mpaka Ungoni na vitambaa vya kuwakombolea, akarudi na baadhi yao. Wengine walihamia Newala kwa Matola. Hata hivyo mji haukufa. Masasi iko mpaka leo, na kanisa lake kubwa liko.

Nijuavyo mimi, mtu mmoja aliyepata kile ambacho kijana wangu alikuwa akikiuliza ni Samuel Crowther, Myoruba wa Afrika ya Magharibi. Alitekwa mwaka 1821, manowari ikamtoa merikebuni mwaka 1822, akawekwa Freetown katika Sierra Leone, akasoma, akawa padre. Mwaka 1846, katika mji wa Abeokuta, alimwona mama yake. Ilikuwa imepita miaka 25. Baadaye mama akabatizwa, na mwana akawa askofu. Habari hiyo ilisomwa sana Uingereza, nayo yastahili kusomwa. Lakini kwa mmoja kama Crowther, walikuwako maelfu ambao mama zao hawakuonekana. Nani aliwakalia hao matanga? Ndilo lililonipeleka Mombasa, kwa kuwa chama kile kile kilichomlea Crowther, yaani C.M.S., kilitaka kufanya katika pwani yetu mji kama Freetown wa kule.

Mji huo ulianzishwa Kisauni, ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwishoni mwa mwaka 1874, ukaitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Waingereza aliyekuja Unguja kwa ajili ya mapatano yale. Mwezi wa Septemba 1875 manowari ilishusha pwani yake kundi kubwa la mateka, watu zaidi ya mia mbili kwa mara moja. Tuiweke picha hiyo machoni petu. Watu mia mbili wa makabila mengi, wagonjwa, wenye majeraha ya kamba, wamesimama mchangani wasijue wameuzwa kwa nani safari hii. Ni nani atakayewaambia maneno wakayaamini?

Hapo ndipo wanapotokea watu ambao vitabu vya shule huwapita kwa haraka, wale Waafrika wa Bombay. Hao walikuwa mateka wa zamani. Walitolewa majahazini wakiwa watoto, wakapelekwa Bara Hindi, na wengi wao wakalelewa katika kituo cha Sharanpur karibu na Nasik, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Jacob Wainwright, aliyekuwa pamoja na watu waliouleta mwili wa Livingstone pwani, alitoka huko. William Jones, Ishmael Semler na George David walitoka huko pia. Waliletwa Rabai mwaka 1864 pamoja na wake zao wamsaidie Rebmann, ambaye baadaye alipofuka. Freretown ilipoanza, wenzao wengi wakaja kutoka Bara Hindi kuwa walimu, mafundi na wasimamizi.

Sitaki kuwafanya malaika. Watu wa Bombay walivaa suruali, walisema Kiingereza, wakakaa mbali kidogo na mateka wapya, na wako waliowadharau kama washamba. Mtu aliyetoka shimoni jana hapendi sana kumtazama aliye shimoni leo, kwa sababu anajiona. Na mji wenyewe ulikuwa na ukali wake. Wakati fulani msimamizi mmoja Mzungu aliwapiga watu viboko na kuwafunga vibaya, mpaka habari zikafika London na ikaulizwa kama watu hawa wamefunguliwa kweli. Wapo wasomaji watakaoona si vema kuyataja hayo katika gazeti kama hili. Mimi naona ni vema, kwa kuwa aliyechapwa Freretown na kuvumilia asingependa tuseme kwamba alikuwa akilelewa kwa asali.

Lakini jambo moja Mzungu hakuweza kulifanya, hata aliye mwema, na mtu wa Bombay aliweza. Aliweza kusimama mbele ya mtu aliyeshuka jahazini, akasema, “Mimi nami.” Hakuhitaji kueleza zaidi.

Mambo mengine yalitengenezwa polepole, tena kwa shida. Chukueni habari ya arusi. Kwetu arusi ni mambo ya watu wengi: wajomba, mashangazi, mahari, kungwi wa kumfunda mwali. Msichana wa Mbweni au wa Freretown alikuwa na nani? Nani atapokea mahari yake, na akipigwa na mumewe atakimbilia kwa nani? Ndipo Misheni ikasimama mahali pa wazazi, mara kwa busara, mara kwa haraka ya kuwaoza watu waliojuana siku chache tu. Mbweni walikuwa na Bi Caroline Thackeray, aliyewalea wasichana wa shule tangu 1877 kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, na bila shaka wengi walimkimbilia yeye. Lakini mzazi mmoja hawezi kuwa mama wa mji mzima. Watu wenyewe wakaanza kuitana mama na shangazi na ndugu pasipo damu, na watoto wao wakakua wakidhani ni damu. Kizazi cha pili kilikuwa na wajomba wa kutosha.

Sasa namrudia William Jones, kwa sababu katika maisha yake mambo yote niliyokwisha kuyasema yanakutana. Alikamatwa mtoto, akafunguliwa, akawa mhunzi huko Bara Hindi, akaja Rabai kijana. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimfanya shemasi pamoja na Semler, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akamchukua katika safari ya Uganda kwa njia ya Umasai. Wapagazi walikuwa kama mia mbili. Walipofika Kavirondo, kwa Sundu, mahali palipoitwa baadaye Mumias, Askofu alichagua watu hamsini akatangulia nao, akamwacha Jones na wengine wangoje. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu aliuawa katika Busoga, na karibu watu wake wote wakauawa naye. Wachache tu waliponyoka wakaleta habari kambini kwa Jones.

Basi ilimpasa shemasi huyo, ambaye hakuwa na mwaka mmoja katika kazi, kuwarudisha waliosalia mpaka pwani, kwa njia ile ile ya Umasai, wenye njaa na waliokata tamaa. Walifika Rabai mwezi wa Februari 1886. Mbele ya msafara walichukua bendera ya buluu iliyoshonwa juu yake neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa kitabu cha Samweli wanamjua Ikabodi. Ni mtoto aliyezaliwa siku ile Sanduku la Agano lilipotekwa. Mama yake alikuwa amesikia kwamba mkwewe na mumewe wamekufa, akampa mtoto jina hilo la majonzi, akafa.

Nimelifikiri sana jambo la bendera ile. Jones angaliweza kutuma mtu mbele na maneno. Angaliweza kuingia usiku. Katika vijiji vya Rabai na Freretown walikuwako wanawake waliokuwa wamepoteza ukoo wote mara moja utotoni, wakapata mume, wakaanza kusema tena neno “kwetu”, na sasa mume amelala Busoga pasipo kaburi. Kwa mwanamke kama huyo hakuna mapokezi yaliyo mema. Lakini msafara ulioshona neno lake la msiba, ukalibeba mbele ya wote maili nyingi, ulikuwa umekwisha kulia njiani kabla yake. Wanawake wakaja mbio wakitazama nyuso, yupi yupo na yupi hayupo, nao waliwakuta wanaume ambao hawakuhitaji kuambiwa habari ya kufiwa.

Sijui maneno mazuri ya kumwambia mjane. Na katika miaka yangu ya ualimu nimesema mengi mabaya, kama “jikaze” na “ndiyo dunia”. Siku baba yangu alipofariki, nami nafundisha mbali na kwetu, mzee jirani alikuja akaketi barazani kwangu tangu saa kumi na mbili jioni mpaka usiku mwingi. Hakusema neno ila kuuliza kama kuna maji mtungini. Kesho yake akaja tena.

Baada ya msiba ule Jones alibaki Rabai akiongoza kanisa. Na hapo likaja jambo jingine. Katika mashamba ya pwani, tangu Takaungu hata Mombasa, utumwa ulikuwa ungali ni halali. Mapatano ya 1873 yalikataza biashara ya baharini, si kumiliki watu. Pwani hiyo haikuacha utumwa kwa sheria mpaka 1907, Unguja ilikuwa 1897, na Tanganyika 1922. Watumwa wa mashambani wakaanza kutoroka. Walisikia kwamba Rabai kuna watu waliokuwa watumwa na sasa wana nyumba, na kiongozi wao ni mmoja wao. Wakaja mmoja mmoja usiku, kisha kwa makundi. Waliitwa watoro.

Misheni ilikuwa imekatazwa kuwapokea, na wakubwa wake walikuwa wametoa amri wasipokewe, kwa kuogopa vita na mabwana wa Mombasa. Freretown ilikuwa na kengele yake ya kuwaonya watu adui akija. Lakini amri ni barua, na mtoro ni mtu mlangoni mwako. Watoro walifika Rabai wakajitaja kwa majina mapya, wakasema wametoka mahali fulani, wakafyeka msitu, wakapanda mihogo, na Jumapili wakaja kanisani. Je, Jones hakujua? Mimi siamini. Naamini alijua sana, tena alijua kuuliza ni kazi ya namna gani, naye hakupenda kuifanya.

Mwaka 1888 mambo yakaiva. Mabwana wa watumwa walijaa hasira, wakataka watu wao, na ilisemekana Rabai itachomwa moto. Watoro walipohesabiwa walionekana kuwa zaidi ya 1,400, hata Wazungu wa Misheni wenyewe wakastaajabu. Wakati huo Kumpani ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanza kazi Mombasa, na mkuu wake, George Mackenzie, akaona hawezi kuanza utawala kwa kuwarudisha watu hao wote minyororoni, wala hawezi kuwanyang’anya mabwana bila malipo. Akapatana nao wapokee fedha. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu wakakusanyika na hati za uhuru zikatolewa.

Siku ya hati nadhani ilikuwa siku ya ajabu. Mtu aliyejiita jina la uongo miaka mitatu sasa alihitaji kusema jina ambalo bwana wake alimjua kwalo, ili alipiwe na kuandikiwa hati. Yaani alirudia jina la utumwa kwa dakika moja tu, kisha akaliacha. Hati ile ilisema kwamba mtu huyu ni huru. Haikusema ni mwana wa nani, maana hakuna ofisi inayoweza kuandika hilo.

Na baada ya hati, walirudi kwao? Sasa walikuwa na ruhusa, wala hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Wengi walikaa. Mihogo yao ilikuwa shambani, majirani zao walikuwa wale waliotoroka nao usiku, na wengine walikuwa wamekwisha kuzika watoto katika ardhi ile. Mtu akizika mahali, na wenzake wakaja kumsaidia kuchimba, hapo pamekwisha kuwa kwao, apende asipende. William Jones naye hakuitafuta nchi aliyozaliwa. Alifariki mwaka 1904.

Haya ndiyo niliyomsomea kijana yule kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji. Nalimketisha barazani, nami nikasoma polepole, nikayaruka machache. Alisikiliza mpaka mwisho. Nalidhani ataniuliza habari za Crowther na mama yake, nami nalikuwa nimekwisha kuogopa swali hilo. Hakuuliza. Aliuliza kama ile kengele ya Freretown ingali iko. Nikamwambia iko, imesimama kando ya barabara kuu, na mahali penyewe watu wa Mombasa hupaita Kengeleni. Utingo wa magari hulitaja jina hilo kutwa nzima, na abiria hushuka. Akafikiri kidogo. Kisha akasema kwamba yule mama anayekaa kwake amemwagiza maji, akaondoka upesi kabla giza halijaingia.